Samansi ya juri inapomfikia mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi: niliyoyapitia hapa Massachusetts, Marekani

Chapisho la 1: Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, wakubwa kwa shikamoo na wadogo kwa upendo.

Bahasha ilifika siku ya Jumanne, nami niliposoma neno mahakama juu yake niliiweka kwenye droo ya vijiko bila kuifungua, ikakaa humo siku tisa. Kwa mtu aliyelelewa Tanga, samansi ina maana mbili tu: ama kuna mtu amekushtaki, ama unatakiwa kutoa ushahidi katika jambo ambalo ungependa lisikuhusu kabisa. Siku hizo tisa sikulala vizuri hata usiku mmoja. Nilipitia kichwani kila kosa nililowahi kulifanya barabarani, kila fomu ya kodi niliyoijaza kwa haraka, hata siku ya kuapishwa uraia, nikihofia kwamba pengine nilitia saini mahali pasipostahili. Mume wangu ndiye aliyeifungua. Ilikuwa ni wito wa kwenda kuwa mjumbe wa juri, yaani mmoja wa wananchi wa kawaida wanaoitwa mahakamani kusikiliza kesi na kuiamua.

Ninaandika uzi huu kwa sababu nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili sikuyapata, na kwa sababu ninajua kwamba kuna wenzangu ambao bahasha yao bado iko kwenye droo.

Nina ugonjwa wa wasiwasi. Simaanishi hofu ya kawaida ambayo kila mtu huwa nayo kabla ya mtihani. Ninamaanisha kwamba moyo huanza kwenda mbio bila sababu, kifua hubana, vidole hufa ganzi, jasho jembamba hunitoka, na kwa dakika kumi hivi huwa nina yakini kwamba ninakufa. Daktari aliupa ugonjwa huu jina miaka mitatu iliyopita. Nyumbani kwetu tungeuita presha, au tungesema kwamba mtu ameingiwa, na baada ya hapo angepelekwa kusomewa. Siwalaumu wazee wangu, kwa kuwa walitumia maneno waliyokuwa nayo, lakini kwa muda mrefu maneno hayo yalinifanya nifiche jambo ambalo lilihitaji kuelezwa.

Baada ya kujua kwamba sikushtakiwa, hofu haikuondoka, bali ilibadilika sura. Niliogopa kufungiwa chumbani na watu nisiowajua bila ruhusa ya kutoka. Niliogopa kuulizwa swali mbele ya umati, kisha lafudhi yangu iwafanye watu wageuke. Zaidi ya yote niliogopa kumhukumu binadamu mwenzangu, kwa sababu sikuwahi kuona nyumbani mwananchi wa kawaida akipewa mzigo huo. Tanzania tulikuwa na wazee wa baraza waliokaa na jaji katika kesi za mauaji na kutoa maoni yao, lakini jaji hakufungwa na maoni hayo, na neno la mwisho lilikuwa lake. Kenya iliwaondoa wazee hao mwaka 2007. Huku neno la wajumbe wa juri ndilo linaloamua kama mtu ana hatia au hana, na uzito huo ndio uliokuwa ukiniamsha saa tisa za usiku.

Kilichonisaidia kwanza ni kuisoma karatasi yenyewe, mstari kwa mstari, nikiwa nimekaa na mume wangu mezani. Ugonjwa huu hula kwenye giza. Nilidhani wito ule ni amri isiyo na mlango, kumbe milango ilikuwa imeandikwa humo humo.

Mlango wa kwanza ni kuahirisha. Massachusetts humruhusu kila anayeitwa kuahirisha mara moja, kwa sababu yoyote ile, hadi mwaka mmoja kutoka tarehe ya awali, na siku hiyo huichagua mwenyewe. Huhitaji barua ya daktari wala kujieleza. Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza dawa, au ambaye yumo katika wiki mbaya, miezi hiyo ni tiba tosha. Mlango wa pili ni wa wale ambao hali yao haiwaruhusu kabisa: sheria ya jimbo inamwondoa mtu ambaye ulemavu wa mwili au wa akili unamzuia kufanya kazi hiyo inavyostahili, ila inataka barua ya daktari aliyesajiliwa, ambayo itaje aina ya tatizo na maoni ya daktari kwamba tatizo hilo linamzuia mhusika. Barua inayosema tu kwamba mgonjwa huyu ana wasiwasi haitoshi, na wengi hukwama hapo kwa sababu daktari aliandika kwa haraka mstari mmoja. Mwambieni daktari sheria inataka nini.

Jambo ambalo halifai hata kidogo ni kunyamaza. Asiyejibu hukumbushwa kwa barua, na akiendelea kukaa kimya anaweza kutozwa faini ya hadi dola 2,000. Kwa mgonjwa wa wasiwasi kunyamaza kuna gharama nyingine, kwa kuwa kila gari linalosimama nje ya nyumba hugeuka kuwa polisi waliomfuata.

Nilikwenda kwa daktari wangu nikiwa nimeshaamua kuomba barua. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: ninataka kuondolewa, au ninataka kuweza? Aliniambia kwamba ataandika barua nikiitaka, na kwamba hakuna aibu ndani yake, lakini alitaka nijue kwamba kwa ugonjwa huu kila ninachokikwepa huongezeka ukubwa. Tulikubaliana niahirishe kwa miezi mitano, niendelee na tiba ya mazungumzo, kisha tuonane tena mwezi mmoja kabla ya tarehe mpya ili niamue nikiwa na akili iliyotulia. Ushauri huu ulikuwa wangu na wa hali yangu, na mwenye hali nzito zaidi huenda akashauriwa vingine.

Katika miezi hiyo mitano nilifanya mambo mawili ambayo ningemshauri kila mtu ayafanye. Nililitembelea jengo la mahakama siku ya kawaida, nikapita kwenye kipimo cha usalama, nikajua vyoo viko wapi na nikakaa kwenye benchi nusu saa. Mahakama ni mahali pa umma, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikaa pia nyuma ya chumba kimoja kesi ikiendelea, nikaona kwamba watu huzungumza kwa sauti ya chini na kwamba sehemu kubwa ya muda ni kusubiri. Chumba nilichokuwa nimekiwaza usiku kilikuwa kikubwa zaidi na chenye giza zaidi kuliko kile.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Jioni ya siku iliyotangulia nilithibitisha kwamba bado ninahitajika, kwa sababu mara nyingine watu huambiwa wasije. Asubuhi tuliketi katika chumba cha kusubiri, tukaonyeshwa video, na jaji akaja kutushukuru. Alisema jambo ambalo lilinituliza: kesi nyingi hufikia mwafaka asubuhi ileile kwa sababu wajumbe wa juri wapo jengoni, kwa hiyo hata anayerudi nyumbani bila kuitwa amefanya kazi. Huku kanuni ni siku moja au kesi moja, yaani usipochaguliwa siku hiyo umemaliza.

Niliitwa. Tuliingia chumba cha kesi tukiwa wengi, na jaji akauliza maswali ya jumla, ambapo mwenye jambo alinyanyua kadi yenye namba yake. Hapa naomba mnisome kwa makini, kwa sababu laiti ningelijua hili mapema ningelala usingizi. Majibu hayakutolewa mbele ya umati. Kila aliyenyanyua kadi aliitwa pembeni mwa meza ya jaji, akazungumza kwa sauti ya chini na jaji pamoja na mawakili wa pande zote mbili. Tena nilikuwa nimeshaandika hali yangu katika dodoso la siri ambalo kila mmoja hulijaza, hivyo jaji alikuwa nalo mkononi. Nilisema kwamba nina ugonjwa wa wasiwasi, kwamba ninatibiwa, na kwamba pengine nitahitaji kutoka kwa dakika chache. Aliniuliza kama ninaweza kusikiliza ushahidi na kuamua kwa haki. Nikajibu kwamba ninaamini ninaweza, mradi nijue kwamba nikinyanyua mkono nitaruhusiwa. Akasema nitaruhusiwa.

Nilibaki. Ilikuwa kesi ya mtu aliyeshtakiwa kuendesha gari akiwa amelewa, na katika mahakama ya wilaya ya jimbo hili wajumbe wanaoamua huwa sita. Ilichukua siku mbili. Shambulio lilinijia siku ya kwanza, baada ya mapumziko ya mchana, wakati shahidi wa pili akizungumza. Niliiweka miguu yote miwili sakafuni, nikatoa pumzi polepole kuliko nilivyoivuta, nikaanza kuvitaja moyoni vitu nilivyoviona: bendera, saa, mtungi wa maji, kitabu chekundu. Halikupungua. Nikanyanyua mkono, jaji akatangaza mapumziko ya dakika kumi kwa wote bila kutaja sababu, na ofisa wa mahakama akanisogezea maji. Tuliporudi niliweza kusikiliza, na mjumbe mwenzangu aliyekaa jirani akaninong'oneza kwamba naye alikuwa akiyahitaji mapumziko yale.

Kuhusu kuhukumu, jaji alitufafanulia kwamba kazi yetu ni kuamua kama upande wa mashtaka umethibitisha jambo pasipo kuacha shaka ya msingi, na kwamba adhabu, kama itakuwapo, ni kazi yake peke yake. Nilikuwa nimebeba mizigo miwili wakati niliotwikwa ulikuwa mmoja.

Karibuni mchangie.

Chapisho la 2: Mchangiaji kutoka Worcester

Dada, ahsante sana kwa kuandika haya. Mimi bado sina uraia, nina kadi ya ukaazi tu, na nimepata karatasi kama hiyo wiki iliyopita. Tangu siku hiyo sili vizuri, kwa sababu ninahofia kwamba kuna mtu ameniandikisha kama raia, na kwamba nitakapoomba uraia mwakani nitaulizwa kwa nini. Je, niende nikajieleze, au niitupe?

Chapisho la 3: Mwanzisha uzi

Kaka, usiitupe, na wala usiende kukaa kwenye juri. Massachusetts huchukua majina kutoka orodha za wakazi zinazokusanywa na miji kila mwaka, na orodha hizo zina raia na wasio raia, ndiyo maana karatasi hukufikia bila mtu yeyote kusema uongo juu yako. Kwenye fomu ya majibu kuna mahali pa kueleza kwamba wewe si raia. Jaza hapo, irudishe, na ubaki na nakala. Hatari ya kweli iko upande wa pili: mtu asiye raia akijibu kwamba ni raia, hata kwa woga au kwa kutoelewa swali, anaweza kujifungia mlango wa uraia moja kwa moja. Majimbo mengine hutumia orodha za wapiga kura na za leseni za udereva, kwa hiyo walio nje ya Massachusetts wasome karatasi yao wenyewe. Ukiwa na mashaka yoyote, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kutia saini. Na ule, kaka.

Chapisho la 4: Mchangiaji kutoka Texas

Ninaheshimu ulichoandika, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo. Tumekuja nchi za watu, tumepewa uraia, na siku nchi inapotuita tunatafuta barua za daktari. Mimi pia niliogopa, nikaomba Mungu, nikaenda, yakaisha. Ninahofia kwamba uzi huu utawafundisha vijana wetu kukwepa wajibu kwa jina la ugonjwa.

Chapisho la 5: Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nimekuelewa, na ninafurahi kwamba ulikwenda. Nami niliomba Mungu, na bado ninaomba. Ila wewe uliogopa, na mwingine anaumwa, na haya ni mambo mawili. Mtu mwenye mguu uliovunjika hatumwambii kwamba anakwepa kupanda ngazi. Mshtakiwa anayeketi pale anastahili wajumbe wanaoweza kumsikiliza, na mjumbe ambaye anapigana na moyo wake kwa siku nzima hasikii ushahidi. Anayejijua kwamba hawezi, akamwambia jaji ukweli, amemtendea haki mshtakiwa yule kuliko anayekaa kwa aibu huku akili yake iko nje ya chumba. Sheria ya Texas nayo inampa jaji uwezo wa kumwondoa mtu kwa sababu ya tatizo la mwili au la akili, kwa muda au moja kwa moja, na waliolitunga sharti hilo hawakuwa na nia ya kulea wakwepaji.

Chapisho la 6: Mchangiaji kutoka Minnesota

Wanangu, mimi ni mama wa makamo, na nimefanya kazi ya kuwatunza wagonjwa kwa miaka mingi. Binti yangu alipata wito wakati ambao alikuwa hawezi hata kwenda dukani peke yake. Daktari aliandika, mahakama ikamwachilia, na barua ya kumwachilia ilikuwa na mistari miwili tu ya heshima, bila swali. Alilia siku nzima akidhani ameshindwa. Nilimwambia kwamba aliyekuwa akishindwa ni yule binti wa miezi sita iliyopita, ambaye hakuweza kumtamkia daktari neno lolote. Sasa anatoka, anaendesha gari. Wakimwita tena ataamua mwenyewe.

Nina jambo moja zaidi, na ninaliandika kwa uchungu. Kuna matapeli wanaopiga simu wakijifanya maofisa, wakisema kwamba umekosa kufika kwenye juri na kwamba hati ya kukukamata imetolewa, isipokuwa ulipe faini papo hapo, mara nyingi kwa kadi za zawadi za dukani. Rafiki yangu mwenye ugonjwa huuhuu alilipa, kwa sababu mtu ambaye moyo wake uko mbioni hawezi kupima maneno. Mahakama hazidai pesa kwa simu, wala haziulizi namba yako ya hifadhi ya jamii kwa njia hiyo. Kata simu, kisha uipigie mahakama mwenyewe kwa namba iliyo kwenye karatasi.

Chapisho la 7: Mchangiaji kutoka Leicester, Uingereza

Shikamoo mama, na habari zenu wengine. Nimeona niongeze ya huku, maana wengi wetu hatujui kwamba Uingereza haitaki uwe raia wake ili uitwe. Anayeitwa ni aliyeandikishwa kupiga kura, mwenye umri wa miaka 18 hadi 75, aliyeishi huku miaka mitano tangu afikishe miaka 13. Kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola huandikishwa kupiga kura, Mkenya au Mtanzania mwenye pasipoti ya kwao anaweza kuletewa wito kwa haki kabisa. Mimi nililetewa, nikadhani ni kosa.

Unatakiwa kujibu ndani ya siku saba, na hapo ndipo unapoeleza hali yako. Unaweza kuomba kusogeza tarehe mara moja, ndani ya miezi 12, au kuomba kuondolewa kabisa ukiwa na ushahidi wa daktari. Muda wa kawaida ni siku 10 za kazi, jambo ambalo kwa mgonjwa wa wasiwasi ni zito kuliko siku moja ya Massachusetts, kwa hiyo msisubiri hadi mwisho. Asiyejibu anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Jambo lililonielemea kuliko yote lilikuja baadaye: huku sheria inakukataza kusimulia yaliyozungumzwa katika chumba cha mashauriano, hata kwa mwenzi wako. Nilirudi nyumbani nikiwa na mambo kifuani na sikuwa na pa kuyaweka. Mshauri wangu alinieleza kwamba ninaruhusiwa kuzungumzia hali yangu mwenyewe, yaani usingizi, hofu na mwili, pamoja na yaliyosemwa hadharani mahakamani. Mpaka huo uliniokoa.

Chapisho la 8: Mchangiaji kutoka Lowell

Dada mwanzisha uzi, mimi nimeitwa mwezi ujao, nimeshaahirisha mara moja, na daktari anasema ninaweza kwenda. Swali langu ni dogo, lakini ndilo linaloninyima usingizi. Pale kwenye dodoso uliandika nini hasa? Ninaogopa kuandika kidogo wakanidharau, na ninaogopa kuandika sana wakaniona mwendawazimu. Tena kazini kwangu hawajui lolote kuhusu ugonjwa huu.

Chapisho la 9: Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, niliandika sentensi tatu, na niliziandika nyumbani kwanza kwenye karatasi ya pembeni ili mkono usitetemeke pale. Ya kwanza ilitaja ugonjwa kwa jina alilonipa daktari. Ya pili ilieleza unavyojitokeza na unavyodumu, kwamba ni dakika kumi hadi kumi na tano, na kwamba akili yangu hurudi yote baada ya hapo. Ya tatu ilisema ninachokihitaji: kukaa karibu na mlango ikiwezekana, na kuruhusiwa kuomba mapumziko. Sikuomba radhi mahali popote katika sentensi hizo, ingawa rasimu yangu ya kwanza ilikuwa imejaa radhi, na mume wangu alizifuta.

Kazini wataona tu cheti cha kuhudhuria, ambacho hakisemi chochote kuhusu afya yako. Mwajiri wa Massachusetts analazimika kukulipa mshahara wa siku tatu za kwanza, na kuanzia siku ya nne jimbo hukulipa dola 50 kwa siku, wala haruhusiwi kukuadhibu kwa kuitikia wito.

Beba chakula chako, kwa sababu tumbo tupu na wasiwasi havipatani. Beba kitabu, na sweta pia, kwani vyumba vile vina baridi hata Julai. Dawa usiibadilishe wala usijaribu mpya asubuhi hiyo. Mimi ninapumzika Alhamisi, na ukitaka kwenda kuliona jengo kabla ya tarehe yako nitakusindikiza, tukae kwenye benchi kwa muda utakaoutaka.